Springi ya Nyundo na Bata Bukini wa Mtakatifu Martin

Jumatatu, 3 Novemba
Moyo umechakaa. Daktari Kopřivová amesema hivyo huku akitazama dirishani, kama mtu anayezungumzia paa la jirani. Cheti cha afya hatanisainia tena, na bila cheti leseni ya bastola inakwisha mwezi huu. Basi shindano la shabaha la Jumamosi, ambalo mshindi hupewa bata bukini wa sikukuu ya Mtakatifu Martin, ndilo langu la mwisho. Nimefundisha Kilatini, nimezika mke, nimezimudu serikali za kila rangi. Sijawahi kumshinda Ctibor Hruška, mng'oa meno mstaafu. Siwezi kwenda kaburini hivyo! Naandika ukweli mtupu. Mtu wa kufa ana haja gani ya kudanganya?

Jumanne, 4 Novemba
Tatizo ni hili. Bastola yangu iliundwa kwa risasi kubwa. Nimeibadilishia sehemu ya juu ili ipige risasi ndogo, zisizoumiza kiganja. Lakini risasi ndogo haina nguvu ya kusukuma chuma nyuma: ganda tupu linakwama kwenye tundu la kutokea, nusu ndani nusu nje. Na kifyatulio ni kigumu, kidole changu kinatetemeka kabla hakijafika. Mkosaji ni mmoja: springi ya nyundo, ile kinyundo kinachogonga risasi; chuma kikirudi nyuma lazima kiishinde, na kidole vilevile. Nimeitoa, nimeweka iliyo laini zaidi. Alasiri klabuni maganda yameruka kama panzi! Hakuna lililokwama. Hruška amenipiga bega, amesema Mwalimu, ukiendelea hivi bukini atakuja kwako kwa miguu yake. Mnafiki! Ameogopa.

Jumatano, 5 Novemba
Kama laini ni nzuri, laini zaidi ni nzuri zaidi. Hiyo ni mantiki. Nimekata mizunguko kadhaa ya springi. Kifyatulio sasa ni siagi! Sikujaribu kwa risasi za kweli. Ngazi za klabu ni nyingi kwa moyo huu. Nimeweka ganda tupu na kuilenga saa ya ukutani. Binti yangu Drahomíra ameuliza saa imenikosea nini. Nimemjibu kwamba baba yake ni bingwa. Amesema bingwa aje ale supu kabla haijapoa.

Alhamisi, 6 Novemba
Janga! Nimesahau mzani. Kabla ya shindano kila kifyatulio huning'inizwa jiwe la kilo moja, kisha bastola inainuliwa. Nyundo ikianguka, kifyatulio ni laini kupita sheria, unarudi nyumbani. Na mwenye jiwe mwaka huu ni nani? Hruška! Nimejaribu kwa pakiti ya sukari: nyundo imeanguka sukari ikiwa bado mezani. Mtu mwaminifu angerudisha springi ya zamani. Mimi nimefikiri. Klabu asubuhi ni barafu tupu. Mafuta ya bukini yakipata baridi huganda. Nimeyapaka ndani ya kifyatulio, nikaiacha bastola balkonini katika sanduku lake la kufuli. Baadaye sukari imepaa juu na nyundo haikutikisika! Nikishapimwa, nitaipasha joto kwapani, mafuta yayeyuke. Kilatini hakijawahi kunipa furaha kama hii.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimepumzika. Drahomíra ameuliza mafuta ya kukaangia viazi yamekwenda wapi. Nimemsingizia paka. Hatuna paka.

Jumamosi, 8 Novemba
Baridi safi kabisa. Hruška amening'iniza jiwe. Nyundo kimya. Ameinama, amenusa bastola, ameniuliza kwa sauti ya chini: Mwalimu, umeikaanga? Nimesema ni dawa yangu ya kifua. Amenipitisha! Nimeipasha, nimesimama mstarini, nimegusa tu kifyatulio. Tik. Hakuna kitu. Tena. Tik! Risasi ndogo inataka kugongwa ukingoni kwa nguvu, na nyundo yangu sasa inabisha hodi kama mgeni mwenye haya. Nimeinua mkono kuonyesha bastola imegoma. Ndiyo imekwisha, nimewaza, hivi ndivyo watakavyonikumbuka. Hapo Hruška ameweka bastola yake mbele yangu. Amesema piga, mzee, usinizibie mstari. Kifyatulio kigumu kama mlango wa ghala! Macho yametoa machozi. Lakini risasi za mwisho zote zimeingia kwenye duara jeusi. Zote! Nimekuwa wa pili kutoka mwisho. Wa mwisho alikuwa na homa. Bukini amekwenda kwa Hruška.

Jumanne, 11 Novemba
Tumemla bukini kwa Hruška, na kabichi nyekundu. Nimekiri yote mbele ya meza: springi, mafuta, hata paka. Hruška amecheka mpaka amevua miwani. Amesema alijua tangu aliponusa, ila alitaka kuona ujanja wangu utafika wapi. Daktari Kopřivová, aliyealikwa pia, amesema leseni ndiyo basi. Kisha, akijipakulia kabichi, amesema bastola ya upepo haihitaji saini yake, na ligi ya majira ya baridi inaanza Januari. Januari! Hruška ameniazima yake ya zamani. Nimeapa mbele yao wote kwamba sitagusa kitu ndani yake.

Nimeifungua jikoni. Springi moja tu, ile inayosukuma upepo, lakini nene na ngumu mno kwa binadamu. Nilitaka kuilegeza kidogo. Imeruka. Drahomíra amelala kifudifudi na tochi, anaitafuta chini ya kabati. Nimemwambia asijisumbue. Bastola nimeshaifunga, skrubu zote zimeenea, na kifyatulio sasa ni laini ajabu.