Faili Liitwalo Wategemezi

Jumatatu, 8 Septemba. Newala.

Hatimaye! Falk ametangaza. Ijumaa jioni atachagua mtunzaji mmoja wa maelekezo ya Kiswahili ya Kibubu, na jina lake litakaa ukurasa wa mbele wa mradi. Miaka kumi na moja nimekaa masijala nikipanga mafaili ya watu wengine. Hakuna mlango wala ubao wenye jina Alphonce. Sasa dunia nzima italisoma.

Kwa kumbukumbu, maana shajara hii itasomwa nikishakuwa mtu: Kibubu ni programu huria ya kutunzia sarafu za mtandaoni. Haiji ikiwa tayari. Unashusha msimbo wake, kisha unaijenga mwenyewe kwenye kompyuta yako, hatua kwa hatua, kwa kufuata maelekezo. Maelekezo ya Kiswahili nimeyaandika mimi. Halipwi mtu. Sarafu yenyewe sina hata moja. Falk, mwenye mradi, yuko Ulaya, sura yake sijaiona, lakini huniandikia "mpendwa Alphonce". Humu ndani sijaitwa hivyo tangu mwaka juzi.

Adui ni mmoja. Devotha, wa hospitali ya Mkomaindo, kule Masasi. Mchana anaandikisha wagonjwa wa bima dirishani. Jioni ananisahihisha mimi. Leo amelishika neno langu kuu. Kila programu ina programu nyingine ndogo ndogo ambazo bila hizo haijengeki. Orodha yake nimeiita Wategemezi, na faili lake nimelipa jina hilo hilo. Devotha kaandika, hadharani, kwamba mtegemezi ni yule anayekutegemea wewe. Hapa Kibubu ndicho kinachovitegemea hivyo vidogo, kwa hiyo viitwe vitegemewa. Vitegemewa! Neno la mtu mwenye mafua. Nimemzuia kwenye simu yangu, asipige wala asiandike. Amani.

Bibiana, mke wangu, amenikumbusha fomu ya bima. Mama yake, Bi Anjelina wa Kitangari, ana mtoto wa jicho la kulia, na la kushoto linafuata. Madaktari wa macho watakuwa Masasi Jumatatu ijayo tu. Asiyekuwemo kwenye orodha ya wategemezi wa mtumishi kufikia Ijumaa hapasuliwi hadi mwakani, na mwakani huenda haoni tena. Nimemwambia atulie. Fomu ndiyo kazi yangu.

Jumanne, 9 Septemba.

Mbinu ya leo: kumthibitishia Falk kwamba maelekezo yangu yanafuatwa na mtu yeyote. Nikamkalisha Luka wa stoo mbele ya kompyuta ya ofisi. Hatua ya kwanza inasema, "Safisha kabla ya kujenga." Luka akatoa leso akafuta kioo, akageuza kibodi akaikung'uta. Zikadondoka karanga. Hatua ya pili: "Hakikisha wategemezi wako wote wapo, na toleo la kila mmoja." Luka akafikiri sana. Akasema wake ni sita, wawili wako Tandahimba kwa shangazi yao, na mmoja bado yuko tumboni kwa mama yake, toleo lake halijajulikana. Kisha akauliza nyumba yenyewe ni ya vyumba vingapi.

Nimemwandikia Falk kwamba jaribio limefaulu.

Justina, Afisa Utumishi, ambaye ofisi nzima tunamwita Mama Joel, akapita. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kusimama. Akataka fomu ya bima kwa barua pepe, aipeleke Masasi. Nikamwambia Mama Joel asiwe na shaka.

Jioni bodaboda imeleta madumu manne ya maji kutoka kisima cha mvua cha Bi Anjelina. Bomba letu halijatoa tone tangu Agosti. Katuma na ming'oko, vile viazi pori vya kuchemsha. Kila Jumanne hivi hivi. Kuwa na wategemezi ni mzigo!

Jumatano, 10 Septemba.

Nimezaa watu watatu kwa dakika kumi: Uwesu, Yuster na Anderson. Wote hawapo duniani, wote wana akaunti kwenye mradi, wote wanaunga mkono neno Wategemezi. Yuster kaandika kwa uchungu hasa. Nilikaribia kulia.

Saa kumi Falk akauliza, kwa adabu, kwa nini watu watatu waliojiunga kwa pamoja wanamaliza kila sentensi kwa alama nne za mshangao. Nikajibu kwamba ndivyo tunavyoandika huku juu kwenye nyanda za Wamakonde. Chini yake Devotha akaandika kwamba yeye kazaliwa Newala, kasomea Newala, na hajawahi kushangaa mara nne kwa mpigo.

Watu kumi na wawili wamecheka. Nimewahesabu.

Ijumaa, 12 Septemba.

Siku yenyewe! Jana umeme haukuwepo, leo upo. Saa tano asubuhi nimemaliza kila kitu. Kwenye kompyuta kuna mafaili mawili. La kwanza ni orodha mpya ya kujengea Kibubu, limeitwa Wategemezi. La pili ni orodha ya bima ya Mama Joel, limeitwa Wategemezi. Moja kwa Falk, moja kwa Justina. Bibiana alipiga kuniomba niyafungue niyasome kabla ya kutuma. Nikamwuliza kama mimi humfundisha kupika. Nimetuma.

Simu nimeizima mpaka kesho. Mtu mkubwa hapatikani hovyo.

Jumamosi, 13 Septemba.

Nimewasha simu. Ukurasa wa mbele: jina langu halipo. La Devotha pia halipo, angalau hilo. Falk kaahirisha uchaguzi hadi Jumatano. Sababu? Tangu jana hakuna mtu duniani anayeweza kujenga Kibubu kwa Kiswahili. Nimefungua faili langu nione wamelifanya nini. Lilikuwa hivi:

"Bibiana, mke, miaka 38, mzima. Queen, mtoto, miaka 9, mzima. Anjelina, mama mkwe, miaka 71, mtoto wa jicho."

Mtu wa Mombasa anauliza Anjelina anashushwa wapi. Mwingine kamjibu kwamba toleo la 71 ni la zamani mno, halitakubali kwenye mashine mpya.

Nilicheka kidogo. Halafu nikaacha. Kama la bima limekwenda kwa Falk, basi kwa Mama Joel limekwenda lipi?

Nimekimbia mpaka nyumbani kwake. Kaenda harusini Mtwara tangu alfajiri. Muda umepita, fomu iko Masasi, na ndani yake hayumo mama mkwe. Nilikaa kwenye ngazi za ofisi iliyofungwa. Niseme ukweli, niliona aibu. Yule mama hajawahi kunitamkia neno baya. Chai niliyokunywa asubuhi ilichemshwa kwa maji yake.

Nimemwambia Bibiana kwamba kumetokea hitilafu ya mtandao. Akanitazama. Akauliza kama mtandao wenyewe sasa hajambo. Akaendelea kukunja nguo.

Jumapili, 14 Septemba.

Bibiana ameondoka asubuhi na Queen. Wanampitia Bi Anjelina Kitangari, kisha wote Masasi. Nilimwambia wanajisumbua, jina halipo. Akasema yeye alishaitwa tangu Ijumaa, wakati bwana mkubwa amezima simu. Sikuelewa, na hakutaka nielewe. Kaniachia dumu moja na maharage mabichi.

Sikwenda kanisani. Ningewaambia nini wanakwaya wanaoniulizia hali ya Bi Anjelina?

Jumatatu, 15 Septemba.

Bibiana kapiga saa nane mchana. Bi Anjelina kapasuliwa jicho, limefungwa bandeji, anakula uji. Nimeshukuru Mungu kwa sauti hadi Luka akaja kuuliza kama nimepandishwa cheo.

Furaha ikadumu dakika mbili. Aliyefanya mambo ni Devotha!

Ijumaa mchana, dirishani kwake, alifungua fomu ya mtumishi Alphonce wa Newala. Akakuta nina wategemezi wawili: maktaba ya usimbaji, toleo la tatu, na kikusanyi cha msimbo, toleo la kumi na mbili. Mke sina. Mwingine yeyote angeitupa. Yeye alikuwa keshamwona Anjelina, miaka 71, kwenye ukurasa wa Kibubu. Akanipigia, nimemzuia. Akampigia Mama Joel. Mama Joel akanipigia, nimezima. Mama Joel akamfuata Bibiana sokoni, wakaijaza fomu upya juu ya gunia la mchele, ikafika Masasi kabla dirisha halijafungwa.

Wote walijua tangu Ijumaa. Mke wangu aliniona Jumamosi nimekonda, akaendelea kukunja nguo.

Na Devotha hakuishia hapo. Kamuuliza Bibiana, kwa upole tu, eti nyumbani kwenu nani hasa anamtegemea nani. Bibiana kacheka. Nimesikia kwa masikio yangu, bado alikuwa anacheka akinisimulia. Bi Anjelina naye akachukua simu. Shikamoo mama, marahaba mwanangu. Anataka nimwandikie yule binti barua ya shukrani, nzuri, ya mtu wa masijala.

Nimuandikie mimi!

Jumatano, 17 Septemba.

Nimeandika barua mbili, maana leo saa kumi Falk anachagua.

Ya kwanza ni ya shukrani, kwa niaba ya Bi Anjelina. Nimejitahidi. Nimesema ni mtu makini, asiyepitwa na kosa, mwenye moyo kuliko wengi wetu, na kwamba bila yeye tusingekuwa na pa kushika. Iliniuma kila neno. Ya pili ni ya malalamiko kwa Falk, kurasa tatu, inaeleza kwamba Devotha ni mdaku, anapenda kujionyesha, na anatumia ofisi ya umma kuvuruga ujenzi wa Kibubu. Hiyo iliteleza yenyewe.

Faili la kwanza nimeliita Barua ya Devotha. La pili nimeliita Barua ya Devotha. Bibiana, aliyerudi na madumu, kaniambia niyafungue kabla sijatuma. Nimemwambia mtu akikosea mara moja kwa haraka haina maana hajui kazi. Nimetuma.

Saa kumi na moja. Falk kajibu. Hakuna "mpendwa". Ila anasema barua yangu imemgusa sana, hajawahi kuona mshindani akimsifu mwenzake kwa moyo mweupe namna hiyo, na kwa ushuhuda wangu mwenyewe mtunzaji ni Devotha. Jina lake liko ukurasa wa mbele tayari.

Ushuhuda gani? Kurasa tatu nzima, na Mzungu kaelewa kinyume! Kiswahili chake ni kibovu kuliko nilivyodhani.

Devotha yeye hajajibu kitu. Nimemshukuru kwa ufasaha wote ule, hata asante hakuna. Hao ndio watu wa kutunza maelekezo.

Nimeanza faili jipya la kumkatia rufaa. Nimeliita Barua ya Devotha.