Ada ya Malazi

Jamani, kaeni vizuri niwape habari. Benki yetu, ambayo ni ya watu binafsi na inajiendesha yenyewe, imegundua rasmi kinacholeta faida. Chuo kilinidanganya miaka mitatu mizima: sijui mtaji, sijui riba, sijui mikopo isiyolipika. Porojo. Kinacholeta faida ni usingizi.

Mgunduzi ni Mkurugenzi mwenyewe, kwenye Kamati ya Vichocheo vya Faida, ambayo mimi ndiye katibu wake. Mhasibu alikuwa anasoma orodha ya akaunti zilizolala, yaani zisizoguswa miezi sita. Mkurugenzi akamkatiza.

"Zinalala wapi?"

"Kwetu, mkuu."

"Bure?"

Kwani gesti gani inalaza watu bure? Hapo hapo tukapitisha Ada ya Malazi, mfumo ukaanza kukata. Faida ikapanda mpaka tukaletewa keki.

Jana akaja bibi mmoja, fundi nguo. Cherehani yake imekufa kabisa, sare za watoto wa watu zimejaa kwenye mfuko hazijashonwa, na pesa ya cherehani mpya alishaiweka kwetu mwaka jana. Keshia akamwambia imebaki ya kununulia uzi.

"Akaunti ililala, bibi."

"Haijalala, mjukuu wangu. Nilijikaza nisiiguse."

"Ndiyo kulala kwenyewe."

Sisi si wezi. Nikampa Fomu ya Kuamka: unafika mwenyewe, mteja mwenzako anashuhudia kwamba uko macho, Mkurugenzi anasaini, pesa yako yote inarudi. Fundi bomba aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akamshuhudia. Ikabaki sahihi ya mkuu, ambaye tangu tuanze hajasaini hata moja. Kazi nyingi.

Kumbe naye anashuka ngazi mbio, jasho linamtiririka. Mkuu wetu anaishi kwa posho za vikao, mshahara hajaugusa mwaka mzima. Jana hiyo kauangalia, kakuta sifuri.

"Ulilala, mkuu," keshia akasema kwa heshima zote.

Nikampa fomu. Akatafuta wa kumshuhudia. Foleni nzima ikageuka kusoma matangazo ukutani. Akabaki bibi tu.

"Mama, si unaniona nimesimama hapa? Nishuhudie."

"Kusimama nakuona, mwanangu. Nisainie yangu kwanza."

Akaivuta, akaisaini huku anaangalia saa, akamrudishia. Bibi akampa keshia, akapokea pesa yake, akaihesabu mara mbili, akaifunga kwenye kanga.

"Haya mama, sasa mimi."

Bibi akaishika kalamu, akamtazama vizuri, akaiweka chini.

"Mtu anayesaini karatasi bila kuisoma, mwanangu, mimi nitaapaje kwamba yuko macho?"