Kikokotoo Kilicholiwa na Kuku

Jumanne, 17 Juni
Mama mkwe kaenda Kibiti kumwona mgonjwa. Kikokotoo cha marehemu baba mkwe, kile cha zamani chenye namba nyekundu, kaniachia mie! Si wifi yangu Waride. Mie! Kasema atakayekitunza vizuri ndiye atakayekaa mzanini msimu huu, kupima na kununua kamba wa wavuvi kwa niaba yake. Mwanangu Iman atakuwa mtoto wa mwanamke mwenye kiti! Waride kasema redio niliifumua, na hiki nacho hakifiki Ijumaa. Wivu tu. Redio nilitaka kumwona anayesema.

Jioni nabonyeza nane, inatoka sifuri. Sikukigusa! Nilikigusa kidogo.

Jumatano, 18 Juni
Nimekifungua. Maajabu! Kumbe namba zenyewe ni ndogo kama mayai ya chawa, kuna kioo juu kinazikuza. Miaka yote tunadanganywa! Kila namba imejengwa kwa vijiti saba vya mwanga. Cha katikati hakiwaki. Basi nane imevuliwa mkanda, imebaki sifuri.

Chini ya kila kitufe kuna kisahani cha bati. Ukikibonyeza, tak! Iman kacheka mpaka kapata kwikwi. Nikabonyeza tena na tena. Kazi ilisimama, lakini kicheko kile!

Kibao cha kijani cha ndani kimeota ukungu wa chumvi. Nimekiosha kwa ndimu, kama samaki. Vyote nimeanika jamvini pamoja na kamba. Betri juu ya paa, zipate nguvu.

Alhamisi, 19 Juni
Kuku wa Mama mkwe kameza kisahani cha kitufe cha tano! Yule wa madoadoa. Waride kaona. Kasema haya wifi, msimu ukianza uwe unambonyeza kuku tumbo.

Ijumaa, 20 Juni
Jirani, Mzee Mfaume, kanichinjia kuku wa madoadoa. Nimemwambia ni wa kumpokea Mama. Firigisi nimeipasua: mchanga, mpunga, shanga. Tano hakuna! Natazama uani. Kumbe wa madoadoa wako wawili!

Mama kafika. Shikamoo, marahaba, wali ukapakuliwa. Akauliza firigisi yake iko wapi, ile ni haki ya mkubwa. Nikamletea vipande. Akauliza nani kaikata kama kachumbari. Waride akakohoa.

Nikakimbilia kikokotoo, nilichokifunga asubuhi bila kisahani cha tano. Kinawaka! Nane imevaa mkanda wake! Mama akatabasamu, machozi yakamlengalenga. Akabonyeza tano. Kimya. Nikamwambia tano ya nini, Mama, nne na moja si zipo?

Akakiweka kikokotoo kando. Kisha akamwita Waride, akamwambia kiti ni chake.

Jumamosi, 21 Juni
Waride kakaa mzanini, kidevu juu. Mie nachambua kamba. Nimelia. Iman kanifuta kwa kiganja chenye uji.

Lakini nimewaza. Saa ya ukutani ya Mama inachelewa sana. Nikimtengenezea, atanirudishia imani. Tayari nimeishusha. Nyuma ina skrubu ndogo tu.

Kuku wote nimewafungia bandani. Safari hii hakuna kitakachoharibika.