Watoto wa Dada Yangu Wahesabiwe Kwangu

Msambweni,
14 Septemba 1969

Kwa Bwana Mkuu wa Wilaya, Kwale.

Mheshimiwa Bwana,

Shikamoo. Na baada ya kukuamkia kama inavyompasa mtu aliyelelewa, nakuomba uisome barua hii hadi mwisho kabla haijawekewa kikombe cha chai juu yake. Mimi ni Boga Mwero, mkulima wa minazi. Kusoma nilijifunza kwa magazeti yanayofungiwa sukari dukani, kwa hivyo habari nyingi za dunia nazijua nusu. Hii ninayokuletea naijua nzima.

Chifu alitutangazia barazani kwamba skuli ni moja tu, na itajengwa upande wa mto Mkurumudzi utakaoonekana una watoto wengi zaidi katika hesabu ya watu ya mwezi uliopita. Upande wetu tunakaa wenyeji. Ng'ambo wamejaa wageni: Wakamba, Wajaluo, Wamakonde, Wapemba, na wawili ambao walipoulizwa kabila lao walitazamana kwanza. Sasa hivi watoto wetu husomea huko huko ng'ambo, katika banda la makuti. Masika yaliyopita binti yangu Mapenzi alivuka mto akiwa na vitabu kichwani, akarudi bila vitabu. Tukashukuru Mungu kwamba mwenyewe alirudi. Tangu siku hiyo yuko nyumbani, anawasomea kuku yale aliyoyakumbuka.

Hesabu imetoka, na ng'ambo wametushinda kwa watoto wanane. Kwa hivyo nalalamika kama ifuatavyo:

(1) Karani aliyetuhesabu, Bwana Chengo, ni Mgiriama wa Kaloleni. Simchukii. Lakini kwao mtoto ni wa baba. Mimi nilimtajia watoto kumi na watano: sita wangu, na tisa wa dada yangu Mwanapili, ambao kwa desturi yetu Wadigo ni wa mjomba, yaani mimi. Akaniuliza, "Hao tisa walilala wapi siku ya hesabu?" Nikamwambia, "Kwa baba yao, ng'ambo." Akasema, "Basi ni wa huko." Nikamwuliza, "Karani, kwani kuku akilala kwa jirani huwa wa jirani?" Akanijibu, "Mzee, mimi nimetumwa watu, sikutumwa kuku," akailamba penseli yake, akawakata tisa wangu mstari mmoja mbele ya macho yangu.

(2) Baba yao ni Ndambuki, Mkamba aliyekuja kuchimba kisima. Kisima kimoja, ndivyo alivyosema. Kisima kilipotoa maji akasilimu, aliposilimu akaoa, na tangu aoe amechimba visima vinne na kupata watoto tisa. Bwana, kasi hiyo hata serikali haina. Nilipokwenda kwake kwa heshima kuwadai watoto, dada yangu alitoka na mwiko mkononi. "Kaka Boga, homa ilipowashika watatu kwa mpigo, mjomba ulikuwa wapi? Leo limekuja daftari la serikali ndiyo unaukumbuka ujomba?" Nikageuka nikaondoka. Mwenye haki hana haja ya kujibu, na mwiko ulikuwa na uji wa moto.

(3) Wageni wanazaa kupita kiasi. Nisidhaniwe nasema kwa chuki, nilikwenda mwenyewe ng'ambo siku mbili, nikawa natia korosho moja mfukoni kwa kila mtoto niliyemwona. Nne nilizila kwa kusahau, kwa hivyo hesabu yangu ni ya chini. Nyumba kwa nyumba nilikuta jambo moja: mume ni mgeni, mke ni Mdigo. Yuko Mjaluo wa mashamba ya miwa aliyemwoa binti wa imamu wetu. Watoto wake wanaitwa Otieno na Awino, na wakianguka wanalia Kidigo.

(4) Hapo ndipo nilipokaa chini nikafikiri. Ikiwa mama ni Mdigo, mtoto ni wa mjomba. Ikiwa ni wa mjomba, ni wetu. Basi, Bwana, ng'ambo hakuna mtoto hata mmoja! Kuna wanaume arobaini wa kila kabila, wagumba wote kwa mujibu wa desturi, na sisi wenyeji ndio tunaoongezeka hadi inatisha. Kwa hivyo lile lalamiko langu la (3) naomba lisomwe kinyume.

(5) Naomba basi kila mtoto arudishwe kwa mjomba wake, skuli ijengwe upande wetu, na desturi hii iwe sheria ya wilaya nzima bila kumbagua mtu. Barua hii nimewasomea watu nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa, na hakuna aliyeipinga. Mmoja hata aliniomba nirudie (4).

Nisalimie bibi nyumbani, makarani wote, askari wa langoni aliyenirudisha mara mbili kwa kuwa sikuvaa viatu, na Chengo pia ukimwona, mwambie penseli hailiwi.

Ni mimi, mjomba wa tisa na baba wa sita,

Boga Mwero

Baada ya sahihi: Bahasha nilikuwa nishaitia stempu, nimelazimika kuifungua. Aliyeniomba nirudie (4) ni shemeji yangu Dzombo, kaka wa mke wangu Mishi, aliyehamia ng'ambo mwaka jana. Leo asubuhi amekuja na mkokoteni. "Shemeji," amesema, "umenena haki tupu. Nimekuja kuchukua wangu." Nikamtazama Mishi anitetee, kumbe nguo za watoto ameshazifunga. Sita wote wamekwenda. Mapenzi ndiye aliyetangulia, maana akikaa kwa mjomba wake hana mto wa kuvuka kwenda kusoma. Hakugeuka nyuma. Kwa hivyo Bwana, skuli ijenge huko huko ng'ambo. Mimi nahamia kesho, Ndambuki amekubali kunipa pembe ya kiwanja. Karani akipita tena akauliza kabila langu, aandike mgeni.