Nilitaka Kuondoa Tak Tak ya Gitaa Tu

Ndugu zangu, leo nimejianika mwenyewe, tena kwa spika kubwa.

Kwaya yetu ilikuwa inarekodi kwenye studio moja hapa Tinde, na mimi ndiye mpiga solo. Mwenyekiti wa kwaya, tena mwimbaji wa besi, ni Baba Esta. Esta ndiye ninayetaka kumuoa, na mshenga wangu anakwenda kwao Jumamosi. Kwa hiyo leo sikwenda kupiga gitaa tu, nilikwenda kuonekana mwanaume wa maana. (Hata shati nilipiga pasi. Mbele na nyuma.)

Nikaanza. Kulwa, fundi wa studio, akanisimamisha. "Kaka, kuna tak tak tak inaingia. Ni hicho kiplastiki chako."

Kweli, kile kiplastiki cha kudonolea nyuzi nilikikata mwenyewe kwenye mfuniko wa ndoo ya rangi. Kigumu hicho, unaweza kuchimbia mhogo. Nikakilaza upande. Tak tak. Nikapiga kwa upole. Tak tak. Nikakata kingine kwenye mfuniko wa kopo la siagi, laini kabisa. Bado tak moja moja ikabaki.

Baba Esta akachungulia mlangoni. "Kijana, hilo gitaa linapigwa au linapigiliwa misumari?"

Nikacheka kwa heshima. Moyoni nilikuwa nalia.

Kulwa akapata wazo. Akaweka maiki karibu kabisa na mkono wangu, asikie kelele inatokea wapi. Akazima spika, akanivalisha hedifoni za kuziba masikio, akaenda chumba cha pili kwenye mitambo yake.

Hapo ndipo nilipokwisha. Mnajua nimechimba dhahabu Nyarugusu. Kule chini ya duara, lile shimo refu lenye giza, ukinyamaza walio juu wanadhani hewa imekuishia, wanaanza kukuvuta kwa kamba. Basi unachimba huku unaongea. Unajisifu, unasengenya, mradi sauti itoke. Kumbe tabia hiyo sijaiacha. Masikio yakizibwa na mikono ikiwa kazini, mdomo nao unaingia kazini. (Sikujua. Naapa sikujua.)

Nikapiga solo tamu sana. Kupitia kioo nikamwona Kulwa kainama, mabega yanamtikisika. Nikasema moyoni, huyu analia kwa utamu.

Nilipomaliza, kwaya nzima ikaingia kusikiliza. Esta mbele kabisa.

"Mzee, naomba niisafishe kwanza," Kulwa akasema.

"Yaya," Baba Esta akakataa kwa Kisukuma. "Fungulia tusikie kama hiyo tak tak imekwisha."

Na mimi, kiherehere, nikadakia: "Fungulia, Kulwa, usiogope. Tena ongeza sauti."

Akafungulia. Tak tak haikuwepo. Niliyekuwepo ni mimi, najisifu mwenyewe: "Hapo hapo, baba, wakoleze. Tinde nzima hakuna kama wewe. Esta, msikie mumeo huyo. Na mzee wake naye, besi gani ile, kama pampu ya kutoa maji duarani. Lakini tumvumilie mpaka atupe binti."

Wanakwaya wa besi walikaa chini kwa kucheka. Esta akajifunika uso kwa khanga. Baba Esta hakucheka. Alinitazama, akanitazama tena.

"Shikamoo, mzee," nikasema. (Nilishamwamkia asubuhi.)

"Marahaba. Mshenga wako na aje Jumamosi kama mlivyopanga."

Nikapumua.

"Ila mahari ikishapangwa, mtaongeza ng'ombe mmoja. Huyo ni wa pampu."

Haya, anayetaka kucheka acheke. Lakini kwanza aniambie huyo ng'ombe atamleta lini.