Nilivyoirudisha Krismasi Mbuji

Leo nimevuliwa nguo mbele ya kwaya nzima. (Si nguo za mwilini. Hizo ningezivua mwenyewe, tena kwa furaha, kuliko haya yaliyonipata.)

Mnaijua ile kazi niliyowachosha nayo humu tangu msimu wa kahawa: kukifundisha kisimamizi cha programu cha Linux kutunza picha za ghala. Kwa aliyesahau: ghala la programu, kule mtandaoni tunakozipakua, hubadilika kila wakati, toleo jipya likiingia, la zamani linatoka. Huku Mbinga, mvua ikinyesha, laini ya simu inakatika na intaneti inaondoka nayo. Ukisasisha kitu kikaharibika, umeumia. Basi mimi naweka picha ya ghala zima lilivyo siku hiyo. Baadaye naiambia mashine, "Rudi Krismasi," nayo inarudisha programu zote kama zilivyokuwa Krismasi.

Leo ilikuwa arobaini ya Mwalimu Ndunguru, kiongozi wa kwaya yetu, sauti ya nne iliyotikisa madirisha ya kanisa. Krismasi niliwarekodi yeye na kwaya kwenye kompyuta yangu ya mtumba. Hakuna kwingine sauti yake ilikobaki. Mjane wake aliniomba kitu kimoja tu: baada ya misa, watu wamsikie.

Nikapakia mashine kwenye pikapu ya kwenda Mbuji. Dereva akataka kuitoza skrini nauli ya mtu mzima. Tukapatana: ya mtoto.

Nimefika, nimeunganisha spika, jenereta inanguruma nyuma ya nyumba. Watu wametulia. Nikabofya programu ya muziki. Imegoma! Nilikuwa nimeisasisha juzi.

Mwenye akili angeogopa. Mimi nikafurahi. (Ndiyo, msibani.) Miezi yote hiyo nilikuwa natafuta pa kuionyesha kazi yangu.

"Msiwe na wasiwasi!" nikatangaza kama mnadi mitumba. "Mashine hii naipeleka Krismasi sasa hivi."

"Krismasi ipi?" akauliza Mzee Hyera wa sauti ya tatu.

"Iliyopita, mzee."

"Mwalimu akiwa hai?"

"Akiwa hai!"

(Mdomo huu. Mdomo huu!)

Nikaandika amri. Matoleo ya zamani yakaingia moja baada ya jingine, bila kosa hata dogo. Programu ya muziki ikafunguka. Makofi! Bibi mmoja akapiga kigelegele.

Nikafungua folda ya nyimbo. Tupu.

Nikaifunga, nikaifungua tena. Tupu tena.

Hapo ndipo nikaikumbuka Jumatano. Diski ilikuwa imejaa, picha za ghala hazina pa kukaa. Nikatafuta mafaili makubwa, nikayaona manne, majina yake namba tupu. Nikayahesabu mara mbili, nikayafuta. Na picha zangu hutunza programu tu. Nyimbo za watu hazizijui. Kwa hiyo ninayo matoleo matatu ya programu ya kuchezea muziki. Muziki ndio hakuna.

"Fundi," akasema Mzee Hyera, "kinanda umekirudisha. Mwalimu umemwacha njiani?"

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Nikamfuata Mama Ndunguru, yule mjane, pale mkekani, nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama. Zile nyimbo nimezifuta mimi. Kwa mkono wangu."

Akanipisha nikae mkekani.

"Nyimbo, kwaya wanazijua, baba," akasema. "Mimi nilitaka kile kikohozi chake, kabla hajaanza."

Kikohozi! Kile nilichopanga kukikata, eti kinaharibu rekodi.

Kisha akanisogezea sahani. "Kula, fundi. Mbasa anapoa." Nimekula. Msiniulize kama samaki alikuwa na chumvi.

Jamani, kazi yangu imekamilika. Kila programu niliyowahi kuipakua iko salama, kwa tarehe yake. Anayetaka kunicheka namruhusu, ila kwanza ainuke akairekodi sauti ya mama yake, aitunze mahali ambapo mimi sipajui.