Mwanamke wa Udongo na Sweta la Ema

Jumanne, 8 Julai. Njombe.

Sakitu asubuhi, umande umeganda. Majani ya viazi meupe kama yamemwagiwa chumvi. Kazi yangu imesalimika.

Nieleze, kwa faida ya atakayelisoma daftari hili nikishakufa. Jumamosi kuna maonyesho katika ukumbi mmoja wa Makambako. Mada: Mwili na Ukaribu katika Sanaa ya Leo. Binti anayeyaandaa, Peace, anataka kazi za watu wa huku kwetu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, msomaji wa mambo ya sanaa kwa miaka mingi. Mada iliniita kwa jina. Nimefinyanga mwanamke mtupu, ukubwa wa mtu, ameketi, mikono ameinyoosha mbele kumkumbatia mtu asiyekuwepo. Huyo asiyekuwepo ni mtazamaji. Ndiyo sanaa ya leo.

Lakini udongo mbichi ukipigwa na sakitu hupasuka. Kwa hiyo nilimfunika blanketi na kumpelekea jiko la mkaa huko stoo. Blanketi la Ema, mke wangu, maana ndilo zito. Jiko nalo ni lile la chumbani kwetu.

Ema alinikuta nimepiga magoti napuliza mkaa. Alisimama mlangoni. Akasema katika miaka thelathini na nane ya ndoa sijampulizia yeye mkaa hata siku moja. Kisha akafunga mfuko wake na kupanda basi kwenda kwa binti yetu Nelly, Mahongole.

Ni uchi ndio uliomkimbiza, bila shaka. Mwanakwaya wa Kilutheri, amekutana na uchi ghafla. Kosa langu ni moja: sikumwandaa kwa maelezo. Lazima arudi. Nyumba imekuwa kubwa na sijui chumvi inawekwa wapi.

Jumatano, 9 Julai.

Amekuja Odilo, jirani. Mtu wa Lugarawa, fundi wa kuchonga watakatifu. Elimu yake haikuvuka darasa la saba, na yeye anapeleka kazi Makambako! Alinisalimu, "Kamwene, Mwalimu," kisha akamgeukia mwanamke wangu, "Kamwene, mama." Alipoinua pindo la blanketi akaona mikono, akauliza kama anapima lumbesa, lile gunia la viazi lililojazwa kupita kiasi.

Nilimweleza juu ya nafasi tupu kama ishara ya hamu ya binadamu. Saa nzima. Alikunywa chai yangu yote, akasema sasa ameelewa: gunia bado halijaletwa.

Akiondoka alisema, "Mwalimu, mrudishie mama Nelly blanketi lake." Nikamweleza habari za sakitu upya, tangu mwanzo.

Mchana ujumbe wa simu kutoka kwa Ema. Maneno mawili: "Blanketi langu." Nimeusoma mara nyingi, kama nilivyowafundisha wanafunzi kusoma hati za kale. Maana iko wazi. Analitoa blanketi lake ili mwanamke asitirike. Ameanza kulegea.

Basi nami nimsitiri zaidi. Nimemvika sweta jekundu la Ema.

Alhamisi, 10 Julai.

Nelly alipiga simu. Mama yake anauliza sweta lake jekundu liko wapi. Nikamtuliza. Nikasema limemkaa vizuri sana, hasa mabegani.

Nelly akauliza polepole, "Baba. Limemkaa nani?"

Nikamweleza. Simu ikakatika. Mtandao wa Mahongole hauaminiki.

Nimeongeza kitenge cha Ema, soksi zake, na kofia yake ya sufu. Sasa hata mchungaji anaweza kuingia stoo bila kuinamisha macho.

Shida moja. Jiko limemkausha upande mmoja, ufa umetokea kwapani. Nimeuziba kwa ugali wa jana. Wachongaji wakubwa nao walikuwa na siri zao.

Mpango ni huu. Nelly amlete mama yake kwenye maonyesho. Ema atamkuta mwanamke amevaa kiheshima, moyo utamtulia. Akishatoka nje, namvua, watazamaji wanaona mwili. Mke nimempata na sanaa nimeitetea. Sioni pa kuharibika.

Ijumaa, 11 Julai. Makambako.

Safari kwa kirikuu, kigari cha mizigo cha dereva Masumbuko. Mwanamke alikaa mbele, mkanda umefungwa, kwa sababu ya upepo. Mimi nyuma, juu ya magunia ya viazi, kilomita sitini, ukungu ukiniingia masikioni. Kwenye kila tuta Masumbuko alipunguza mwendo akimtazama yeye. Mimi nilirushwa.

Aliponisaidia kumshusha aliniuliza mama anaumwa nini, mbona hajanyoosha mguu tangu Njombe. Nikamweleza kuwa ni udongo. Akasema pole sana, Mungu atasaidia.

Peace hakufurahi. Anasema mada ni mwili, na mwili wangu hauonekani hata kisigino. Nikamwomba subira. Odilo ameleta gogo la mparachichi. Amechonga wazee wawili chini ya koti moja. Vichwa vimeegemeana, halafu koti, halafu miguu minne. Basi! Mwili wenyewe kauficha wote. Nilimhurumia.

Jumamosi, 12 Julai.

Niandike kwa utaratibu.

Saa nne Ema alifika na Nelly. Amejifunga shuka jembamba la wajukuu, pua nyekundu. Hakuja kwangu. Alisimama mbele ya wazee wa Odilo muda mrefu. Watu wengi walisimama pale, sijui kwa nini, wameziba njia. Nilimwendea kumweleza upungufu wa kazi ile. Akasema, "Nyamaza kidogo, baba Nelly."

Kisha akamwona wangu.

Alimtazama kuanzia kofia hadi soksi. Alianza kumvua kofia. Akaivaa. Akavua soksi, akaketi chini, akazivaa. Kitenge. Blanketi. Peace akaninong'oneza kama hii ni sehemu ya kazi. Nikasema ndiyo. Alipovuta sweta, mkono wa kulia ulitoka pamoja na mkono wa sweta, ukaanguka, na ugali ukaonekana.

Makofi! Watu wamepiga makofi! Peace alifuta machozi. Alisema hajawahi kuona mwili ukivuliwa kwa hasira ya namna ile. Nikawaeleza watazamaji maana ya mkono uliovunjika. Wengine walibaki hadi mwisho.

Ema alikung'uta ugali kwenye sweta lake, akalivaa. Akasema, "Vyangu nimevipata. Huyu abaki hapa. Twende nyumbani."

Nilijua mpango utafanikiwa.

Jumapili, 13 Julai. Njombe.

Mke yupo nyumbani. Chumvi ipo kwenye kopo la chai, kumbe. Ameshinda tatizo lake la uchi. Yeye mwenyewe ndiye aliyemvua. Mtu akielezwa vya kutosha hubadilika.

Baada ya ibada ukungu ulishuka mpaka mlangoni. Ema akasema leo hataki maelezo, anataka nikae hapa. Akaonyesha hapa, kando yake. Nikakaa. Akaweka miguu yake mapajani pangu, akatupa blanketi juu yetu wote wawili, akaegemeza kichwa begani kwangu. Nyayo zake zilikuwa baridi kama mawe ya mtoni, zikapata moto taratibu. Nusu saa, labda zaidi. Alikuwa anatabasamu, macho amefumba.

Hapo ndipo nilipouona. Mkao wenyewe! Ukaribu kamili, wa leo, haujawahi kufinyangwa na mtu!

Nilimwomba asisogee hata kidogo, abaki vilevile na tabasamu lake, nikakimbia kinyunguni, kwenye bustani yetu ya bondeni, na ndoo kuchota udongo. Sikuchukua hata dakika arobaini.

Niliporudi alikuwa chumbani na komeo limewekwa. Nimegonga. Naandika haya nimekaa sakafuni mlangoni, ndoo pembeni.

Inaelekea lile tatizo la uchi limerudi. Nimeanza kumweleza kupitia mlango.